Rafu Zinapoanza Kuwa Tupu: Kazi ya Duka Ikiyumba, Ulinde Haki Yako na Nyumba Yako

Maandishi ya kipindi cha redio kwa wakimbizi walioko Kenya, Uganda na Tanzania. Yanaweza kusomwa kwa sauti katika vikundi vya wasikilizaji. Maswali ya mazungumzo yako mwishoni.

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA.)

MTANGAZAJI 1: Niko hapa na kaka yangu, na leo tunazungumza na watu tunaowaona kila siku lakini hatuwaulizi habari zao. Ni wale wanaotuuzia unga, mafuta na sukari.

MTANGAZAJI 2: Ahsante, dada. Ni yule kijana anayepima maharage. Ni yule binti anayepokea pesa. Ni yule anayepakua magunia lori likifika, na yule anayelala dukani usiku kulinda mali ya mwenyewe. Wengi wao hawana karatasi yoyote ya kazi. Duka likiyumba, wao ndio wa kwanza kuondoka na ndio wa mwisho kuambiwa.

MTANGAZAJI 1: Leo tutaeleza mambo manne. Kwanza, kwa nini duka la chakula huanguka wakati watu bado wanakula. Pili, dalili za kuangalia mapema. Tatu, haki zako ukiachishwa. Nne, namna ya kuishikilia nyumba yako katika siku za kwanza, na njia ya kusonga mbele.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA KWANZA: DUKA HUANGUKAJE?

MTANGAZAJI 2: Tuanze mbali kidogo na kambi, kwenye supamaketi kubwa za Kenya, kwa sababu kilichotokea kule kinaeleza vizuri kinachotokea kwenye maduka yetu ya mabati.

MTANGAZAJI 1: Tuambie, kaka.

MTANGAZAJI 2: Palikuwa na supamaketi za Nakumatt. Biashara hiyo ilianzia Nakuru, ikiuza magodoro. Ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zake zikawa tupu, na tawi moja baada ya jingine likafungwa. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa.

MTANGAZAJI 1: Na haikuwa peke yake.

MTANGAZAJI 2: Haikuwa peke yake. Uchumi ilifunga maduka yake mwaka 2006, ikafufuliwa, halafu mwaka 2015 ikaondoka Uganda na Tanzania. Tuskys, iliyokuwa na matawi mengi kuliko karibu wote, ilianguka kati ya mwaka 2020 na 2021. Shoprite ya Afrika Kusini nayo ikaondoka Kenya, na mwaka 2021 ikatangaza kuondoka Uganda. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na makeshia, wapanga bidhaa, wachinjaji, waoka mikate na walinzi waliobaki nje.

MTANGAZAJI 1: Sasa msikilizaji anauliza: je, watu wa Nairobi waliacha kununua unga?

MTANGAZAJI 2: Hawakuacha hata siku moja. Hilo ndilo la kuelewa. Duka kubwa huchukua bidhaa kwa mkopo. Mwenye kiwanda analeta sabuni leo na kulipwa baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini mteja analipa papo hapo. Kwa hiyo kwa muda wote huo duka limeshika pesa nyingi ambazo si zake. Wenye duka wakizichukua pesa hizo kufungua matawi mapya, siku ya kumlipa mwenye sabuni inafika na pesa hazipo.

MTANGAZAJI 1: Mwenye sabuni anafanya nini?

MTANGAZAJI 2: Anaacha kuleta sabuni. Rafu inakuwa wazi. Mteja aliyekuja kununua sabuni na unga anaikosa sabuni, anaenda duka lingine, na unga anaununua huko huko. Mauzo yanapungua. Sasa hata mwenye unga halipwi, naye anaacha kuleta. Kodi ya nyumba inalala. Mishahara inachelewa. Halafu mlango unafungwa.

MTANGAZAJI 1: Kumbe duka huanza kufa kwenye deni, kabla halijafa mlangoni.

MTANGAZAJI 2: Ndivyo hivyo. Keshia anaweza kuhesabu pesa kwa uaminifu miaka kumi bila kukosea shilingi, na bado duka likaanguka. Tunasema hivi mapema kwa sababu watu wengi wakiachishwa kazi hujilaumu, wakidhani walifanya vibaya. Mara nyingi deni ambalo hawakulikopa wao ndilo limewaondoa.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA PILI: MNYORORO WA KAMBINI NA DALILI ZAKE

MTANGAZAJI 1: Turudi nyumbani sasa. Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza mpango wa Bamba Chakula huko Kakuma. Badala ya chakula chote kutoka ghalani, sehemu ya mgao iliingia kwenye laini ya simu, na mkimbizi akanunua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Maduka yakapata wateja, na wenye maduka wakaajiri watu.

MTANGAZAJI 2: Biashara ilikuwa kubwa, dada. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha utafiti mwaka 2018. Likakadiria kwamba soko la Kakuma, kambi na mji pamoja, lilikuwa na thamani ya shilingi za Kenya bilioni 5.8 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000.

MTANGAZAJI 1: Lakini tazama mnyororo wake. Pesa ya mgao inaingia kwa mama mwenye watoto watano. Kabla haijaingia, mama amekwisha kukopa unga dukani, na jina lake liko kwenye daftari. Mwenye duka naye amekopa kwa muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla naye ana deni mjini, lori lilikotoka. Wote wanne wanasubiri siku moja, siku ya mgao.

MTANGAZAJI 2: Siku hiyo isipofika, mnyororo wote unakatika. Mwaka 2025 tuliona hivyo. Misaada kutoka nchi wafadhili ilipungua. Kenya, mgao wa chakula ukashuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili, na pesa za kila mwezi zikasimamishwa. Uganda, watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye orodha ya msaada wa chakula. Waliosikia habari hizo walifikiria sahani ya chakula, na walikuwa na haki. Lakini pesa hizo hizo ndizo zilizokuwa zinamlipa kijana wa mizani na mbeba magunia.

MTANGAZAJI 1: Ni jambo lile lile la supamaketi, ila huku upande uliokatika ni wa mteja. Rafu ikawa wazi kwa sababu daftari la madeni limejaa. Basi, kaka, mfanyakazi ataonaje mapema kwamba kazi inayumba?

MTANGAZAJI 2: Nitataja dalili sita. Ya kwanza, bidhaa zinazotoka haraka zinakosekana: unga, sukari, mafuta ya kupikia. Zinazobaki kwenye rafu ni zile zisizonunuliwa. Ya pili, muuzaji wa jumla aliyekuwa anakopesha sasa anataka pesa taslimu kabla ya kushusha mzigo. Ya tatu, mshahara unakuja vipande vipande: nusu leo, robo wiki ijayo.

MTANGAZAJI 1: Ya nne?

MTANGAZAJI 2: Ya nne, daftari la madeni linaongezeka kurasa, lakini majina yaliyofutwa ni machache. Ya tano, mwenye duka anachukua pesa ya mauzo kulipa deni la zamani, na hakuna inayobaki kununua mzigo mpya. Ya sita, watu wanaokuja kumwulizia mwenye duka hawaji kununua, wanakuja kudai.

MTANGAZAJI 1: Ukiona moja, tulia uangalie. Ukiona tatu pamoja, anza kujiandaa siku hiyo hiyo. Kujiandaa si kumsaliti tajiri wako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wakati mwingine mkuu mwenyewe ni rafu tupu inayokuambia.

MTANGAZAJI 2: Kujiandaa ni vitu vidogo. Nunua daftari la kurasa chache. Andika tarehe uliyoanza kazi. Andika kila siku uliyofanya kazi, na kila pesa uliyopewa. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Ukilipwa mkononi, mwombe mwenye duka aweke saini. Na kama unatoa bidhaa kwa mkopo kwa ruhusa yake, aweke saini hapo pia, ili kesho deni la mteja lisigeuzwe kuwa deni lako.

(MUZIKI MFUPI.)

IGIZO FUPI: TUMALIZE VIZURI

MTANGAZAJI 1: Sasa sikilizeni igizo hili. Ni jioni dukani. Wateja wameondoka.

(SAUTI YA MLANGO WA MABATI UNAFUNGWA.)

MAMA DUKA: Mwanangu, keti. Lori la wiki hii halitakuja. Yule wa jumla anataka pesa mkononi, na pesa yangu yote imelala kwenye daftari hili.

KIJANA: Nimeona, mama. Rafu ya mafuta imekuwa tupu tangu Jumatatu.

MAMA DUKA: Basi kuanzia kesho usije. Nikipata, nitakuita.

KIJANA: Nimekusikia, mama, na najua si kupenda kwako. Lakini naomba tumalize vizuri. Mwezi uliopita ulinipa nusu. Wa mwezi huu bado.

MAMA DUKA: Unanidai mimi! Ulipokuja hapa hukujua hata kusoma mizani.

KIJANA: Ni kweli, mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Ndiyo maana sitaki tusemezane mbele ya watu. Naomba tuandike tu. Ninadai kiasi gani, utalipa lini. Mwenyekiti wa bloku awe shahidi.

MAMA DUKA: Na yule mteja wa bloku ya pili? Gunia lile ulimpa wewe.

KIJANA: Nilimpa kwa ruhusa yako, mama. Saini yako hii hapa.

MAMA DUKA: (ANASHUSHA PUMZI) Haya. Pesa sina.

KIJANA: Hata kidogo kidogo. Wateja wakilipa madeni, nami nipate sehemu yangu kila mara. Na kama ni bidhaa, tukubaliane kwa bei uliyonunulia.

MAMA DUKA: Kuna mfuko wa sukari nyuma. Chukua huo, tuandike umepunguza deni.

KIJANA: Ahsante, mama. Na jambo moja la mwisho. Uniandikie barua kwamba nimefanya kazi kwako miaka mitatu.

MAMA DUKA: Hiyo haigharimu kitu. Lete kalamu.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI 2: Kijana huyu hakupiga kelele, wala hakunyamaza. Alitaja deni lake kwa heshima. Alileta ushahidi. Alikubali malipo ya kidogo kidogo, lakini kwa maandishi na mbele ya shahidi. Na aliomba barua ya kazi, ambayo itamfaa hata pesa zikiisha.

SEHEMU YA TATU: SHERIA INASEMA NINI?

MTANGAZAJI 1: Wengi wanasema, mimi sina mkataba, kwa hiyo sina haki. Je, ni kweli?

MTANGAZAJI 2: Si kweli. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo. Kazi ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuandikwa, na anayepaswa kuiandika ni mwajiri. Asipoleta mkataba wa maandishi penye kesi, ni juu yake kuthibitisha kwamba masharti ya kazi hayakuwa kama unavyodai. Tanzania pia, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwika mwajiri mzigo huo.

MTANGAZAJI 1: Tuanze na Kenya. Mtu akipunguzwa kazi kwa sababu biashara imeshuka, anastahili nini?

MTANGAZAJI 2: Anastahili taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, na afisa wa kazi wa serikali ajulishwe pia. Anastahili mishahara yote iliyolala, na siku za likizo ambazo hakuchukua zilipwe kwa pesa. Halafu kuna malipo ya kupunguzwa kazi: ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.

MTANGAZAJI 1: Tupige hesabu, ili msikilizaji aione.

MTANGAZAJI 2: Tuseme unalipwa shilingi 9,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata shilingi 300 kwa siku. Zidisha mara 15, ni shilingi 4,500. Umefanya kazi miaka 3 kamili? Zidisha mara 3. Ni shilingi 13,500, mbali na mishahara iliyolala na malipo ya taarifa.

MTANGAZAJI 1: Na Tanzania?

MTANGAZAJI 2: Tanzania, mwajiri anayetaka kupunguza watu lazima atoe taarifa, aeleze sababu, na azungumze na wafanyakazi kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28. Aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo hupata kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalieni siku: ukidai umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu.

MTANGAZAJI 1: Uganda?

MTANGAZAJI 2: Uganda ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Aliyefanya kazi kati ya miezi 6 na mwaka mmoja hupewa taarifa ya wiki 2. Kutoka mwaka mmoja hadi 5, ni mwezi mmoja. Kutoka miaka 5 hadi 10, ni miezi 2. Zaidi ya hapo, miezi 3. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya. Usikawie, fika ndani ya miezi 3 tangu siku uliyoachishwa.

MTANGAZAJI 1: Na duka likifilisika kabisa? Hapo kuna wadai wengi.

MTANGAZAJI 2: Supamaketi inapofilisiwa Kenya, sheria inawaweka wafanyakazi mbele ya wadai wengi wa kawaida kwa mishahara iliyolala, ingawa kuna kikomo. Lakini benki iliyowekewa dhamana na gharama za ufilisi huwa na nafasi yake, na mali ikiwa kidogo, kinachobaki ni kidogo. Kwa hiyo jina lako lifike mapema kwenye orodha ya wadai. Asiye na jina kwenye orodha hakuna anayemkumbuka.

MTANGAZAJI 1: Kaka, tuseme na lile ambalo watu wanaliogopa. Mkimbizi asiye na kibali cha kazi ataanzaje kwenda ofisi ya serikali?

MTANGAZAJI 2: Ni swali la haki. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inatambua mkimbizi kufanya kazi na biashara, lakini utaratibu wa vibali bado upo. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi pana ya kufanya kazi. Tanzania, masharti ya kukaa kambini na kufanya kazi nje ni makali zaidi. Kwa hiyo kama huna uhakika na karatasi zako, anza na ofisi ya msaada wa kisheria kambini. Kenya kuna Refugee Consortium of Kenya. Uganda kuna Refugee Law Project. Penginepo, uliza kwenye dawati la ulinzi la UNHCR. Waeleze yote, hata lile unalolionea aibu, ili wakushauri bila kukuingiza kwenye hatari.

MTANGAZAJI 1: Na kama mwenye duka ni mkimbizi mwenzako, naye hana kitu?

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo igizo letu linapofaa. Kesi dhidi ya mfuko mtupu haikupi unga. Maandishi mbele ya wazee au viongozi wa bloku, malipo ya kidogo kidogo, au bidhaa kwa bei ya kununulia, mara nyingi huleta kitu mapema zaidi. Lakini hakikisha karatasi inataja deni lote na kiasi kilichobaki. Usiweke saini kwamba umelipwa yote wakati umelipwa nusu.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA NNE: NYUMBA YAKO, NA HATUA INAYOFUATA

MTANGAZAJI 1: Siku ya kwanza baada ya kuachishwa, jambo la kwanza ni kusema. Mwambie mke wako. Mwambie mume wako. Siku hiyo hiyo. Kuna wanaume wanaoamka asubuhi, wanavaa, wanatoka kama wanaenda kazini, wanakaa sokoni hadi jioni. Siku ya nne nyumba inakosa chakula, na ugomvi unaanza. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

MTANGAZAJI 2: Na mke au mume ukiambiwa, usianze na lawama. Mtu aliyepoteza kazi amekwisha kujilaumu vya kutosha njia nzima. Kaeni mhesabu pamoja: kilichopo ndani, tunachodai, tunachodaiwa.

MTANGAZAJI 1: Chakula na dawa vinatangulia. Halafu zungumza na wanaokudai kabla ya siku ya kulipa. Ukienda mapema na kusema nitaleta kidogo, watu husikiliza. Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, waambie wanakikundi sasa. Vingi vina mfuko wa dharura kwa siku kama hizi, lakini mfuko hautembei wenyewe kuja kwako.

MTANGAZAJI 2: Na kuna mambo matatu ya kukataa. Moja, usiweke rehani kadi yako ya mgao, kadi ya benki au laini ya simu kwa mwenye duka. Kadi ikikaa kwake, bei anapanga yeye, na hutajua umelipa kiasi gani. Mbili, usikope kwa mtu mmoja kumlipa mwingine kwa riba kubwa zaidi.

MTANGAZAJI 1: Na la tatu?

MTANGAZAJI 2: La tatu ni dalali wa kazi. Watu wakiachishwa, huja mtu mwenye maneno matamu. Anasema kuna kazi ya supamaketi mjini au Ghuba, toa pesa ya fomu, nipe vitambulisho vyako. Mwajiri wa kweli hauzi kazi, wala hashiki hati zako. Na kumbuka, kutoka kambini bila kibali cha kusafiri kunaweza kukufikisha kituo cha polisi kabla ya kukufikisha kazini.

MTANGAZAJI 1: Sasa tusonge mbele. Wengi wakiachishwa husema, basi nami nifungue duka langu.

MTANGAZAJI 2: Swali zuri la kujiuliza ni hili: mteja wangu atapata wapi pesa? Ukifungua duka la unga na sukari karibu na lile lililofungwa, ukiuza kwa watu wale wale, wanaosubiri mgao ule ule, ukame uliolifunga lile utalifunga na lako. Tafuta mteja ambaye pesa yake haitoki kwenye mgao. Wenyeji wanaouza mifugo. Walimu na wahudumu wanaolipwa posho. Familia zinazotumiwa pesa na jamaa walioko nje. Wakulima baada ya mavuno.

MTANGAZAJI 1: Na anza na kidogo. Pesa inapokuwa haba, watu hununua vipimo vidogo: mafuta ya kijiko, sukari ya mfuko mdogo, kipande cha sabuni. Mtu aliyefanya kazi dukani anajua kupima na kufunga vipimo hivyo bila hasara. Lakini weka sharti moja kuanzia siku ya kwanza: mkopo una kikomo, na kikomo kimeandikwa ukutani. Ulilolifanyia kazi lilizama kwenye daftari. Lako lisizame humo humo.

MTANGAZAJI 2: Na kama huna mtaji, ujuzi wako bado ni wako. Umejifunza kupokea mzigo na kuuhesabu. Unajua mizani. Unajua kushika pesa ya watu na kuirudisha kamili. Unazungumza na mteja kwa Kiswahili, Kirundi, Kisomali au Kinyabwisha katika saa moja. Maghala ya mashirika, vyama vya wakulima na wauzaji wa jumla wanahitaji watu hao. Kenya na Tanzania, sheria inakupa haki ya kupewa cheti cha utumishi unapoondoka kazini. Kiombe. Barua yenye tarehe na aina ya kazi inasema yale ambayo mdomo wako peke yake hauwezi kuthibitisha.

MTANGAZAJI 1: Na wewe ambaye bado uko kazini leo, usingoje. Anza daftari lako jioni hii. Na wewe mwenye duka unayetusikiliza, waambie watu wako ukweli mapema. Ukimwambia mfanyakazi mwezi mmoja kabla, unampa nafasi ya kujipanga. Ukimwambia jioni ya mwisho, humwachii hata nafasi ya kukuaga vizuri.

MTANGAZAJI 2: Wasikilizaji, tumefika mwisho. Chukueni maswali yafuatayo kwenye vikundi vyenu.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Katika soko lenu, pesa ya wateja inatoka wapi? Ni maduka gani yanategemea siku ya mgao, na ni yapi hayategemei?

2. Ni dalili zipi kati ya zile sita mmeziona kwenye maduka ya karibu nanyi?

3. Mfanyakazi akidai mshahara wake, ni nani kambini anayeweza kuwa shahidi anayeaminiwa na pande zote mbili?

4. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kina utaratibu gani kwa mwanachama aliyepoteza kazi? Kama hakuna, mnaweza kukubaliana nini leo?

5. Kila mmoja apige hesabu yake: umefanya kazi miaka mingapi, unalipwa kiasi gani kwa siku, na ukiachishwa kesho unastahili kiasi gani kwa sheria ya nchi uliyopo?

MTANGAZAJI 1: Kaeni salama, na mtunze karatasi zenu.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)